Nani Alimuua Jaloux?

Mbwa alikuwa amelala langoni, ulimi nje, miguu ya nyuma imekunjika chini ya tumbo. Damu nyeusi ilikuwa imekauka puani. Jina lake lilikuwa Jaloux, na watu wa Saio, mtaa wa Bunia, walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura.

Inspekta Mbuyi alichuchumaa karibu naye bila kumgusa. Nje ya lango watu walikuwa wanapiga bati kwa mawe.

"Mutoe huyo sentineli! Mutupatie siye!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Constant, kiongozi wa vijana wa mtaa na mwimbishaji wa kwaya. Miguuni pake palikuwa na tairi kuukuu. Mwenzake alishika chupa ya petroli.

Mjini Bunia, mbwa akitiwa sumu, watu hawamlilii mbwa. Wanajua wanyang'anyi wanakuja, na kwamba mtu wa ndani amewafungulia njia. Mtu wa ndani hapa, walisema, alikuwa Rachidi, mlinzi wa usiku, aliyechimba dhahabu katika migodi ya Mongbwalu kabla ya kuja kulinda kiwanja hiki. Hakuwa na ndugu hata mmoja mtaani. Polisi wawili walimfungia katika stoo ya makaa, si kumwadhibu, bali kumficha.

Mbuyi alikuwa ameomba askari zaidi kwa simu. Aliambiwa asubiri. Lango lilikuwa la bati jembamba.

Mwenye nyumba, Mama Honorine, aliketi barazani, Biblia mapajani. Alikuwa mjane aliyekimbia vita Djugu.

"Pole, Mama."

"Asante, chef," alijibu, kama wanavyowaita wakubwa wa polisi.

"Wanasema Rachidi alimutupia imbwa nyama ya sumu. Nani aliona?"

"Miye. Asubuhi, wakati nilifungua dirisha."

"Nyama ya namna gani?"

"Nyama tu. Kipande."

"Imbwa akakula?"

"Akakula. Kisha akaanguka, hapo hapo."

Mbuyi aliirudia maiti. Mbwa aliyekula sumu inayoua papo hapo hutapatapa, hukwaruza udongo kwa kucha, hutoa povu. Hapa vumbi lilikuwa limetulia. Jaloux alikuwa amejilaza tu, kama aliyechoka.

Akazunguka nyuma ya jiko. Huko alikuta kinyesi cha mbwa, cheusi kama lami. Kimoja kilikuwa kibichi. Kingine kilikuwa kimekauka hata nzi wamekiacha. Tumbo la mbwa huyu lilikuwa linavuja damu tangu siku kadhaa.

Akafungua stoo. Rachidi aliinua mikono kabla hajaulizwa.

"Shusha mikono. Ulimupatia imbwa nini?"

"Maji, chef. Chakula, ni Mama anamulisha. Anafinyanga bugali kwa mukono yake mwenyewe."

"Tangu lini anatoka damu?"

Rachidi alitupa macho upande wa baraza.

"Batu wako nje na tairi, na weye unanificha?"

"Siku kadhaa sasa, chef. Nikaambia Mama. Akasema nisiambie mutu, itaisha."

"Juu ya nini haukusema asubuhi?"

"Ni yeye alinipokea. Kwingine walinifukuza. Nikawaza, Mama mwenyewe atasema."

Mbuyi akafunga mlango taratibu.

Dokta Bénédicte, daktari wa wanyama aliyeitwa na Mbuyi, aliingia kupitia uzio wa jirani, mkoba begani, sketi imeshikwa na miiba. Mbuyi alimwonyesha kopo alilolikuta jikoni.

"Hii ni yako, Dokta?"

"Ni yangu. Niliuza miye. Yule mbwa alikuwa na yabisi ya viungo. Ngazi mbili za baraza zilimushinda kupanda."

"Ina sumu?"

"Sumu? Ni chakula ya viungo, Inspekta. Nilimuwekea Mama aina tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa biskuti, tamu sana, lakini kiasi cha dawa hakikuandikwa. Ya pili iliandikwa kwamba mbwa atakimbia kesho. Nikamwambia, hiyo iache. Kitu kinacholisha viungo hakiharakishi. Akachagua vizuri, akachukua hii ya tatu. Glukosamini, mafuta ya samaki, na kipimo kufuatana na kilo za mbwa. Nikamwambia avumilie majuma mengi kabla ya kuona tofauti. Na nikamukataza vidonge vya watu."

Mbuyi akafungua kopo. Unga bado ulikaribia ukingoni. Kijiko kilikuwa juu yake, kisafi.

"Kwa unga huu angekimbia baada ya siku chache?"

"Hapana. Hata ungekuwa umeisha wote."

"Lakini alikimbia. Mutaa muzima ulimuona Jumapili akifukuza mbuzi ya jirani."

Bénédicte aliinua macho.  Akatandika gunia, akavaa glavu, akamfungua Jaloux tumbo.

Bati la lango likabonyea ndani kwa kishindo. Askari mmoja aliliegemea kwa bega.

"Inspekta, halitashika!"

"Lishike!"

"Angalia," Bénédicte aliita. "Kidonda kimetoboa tumbo. Hiki hakikuanza leo." Kwa ncha ya kisu aliinua kitu kilichonata kwenye tonge la bugali. Kilikuwa chekundu, chembamba. "Ganda la kidonge. Hii hapa nyingine. Ni diklofenaki, ile wazee wanakunywa kwa magoti. Mutu inamutuliza. Mbwa inamuchoma tumbo na figo, zaidi akipewa kila siku."

"Nyama?"

"Hakuna nyama humu. Hata unyuzi."

Mbuyi aligeuka kuelekea barazani. Mama Honorine alikuwa anajaribu kuinuka. Alishika magoti yote mawili kwa mikono, akanyanyuka nusu, akarudi kitini, akajaribu tena.

"Magoti inauma, Mama?"

"Kidogo."

"Dawa yako iko wapi?"

"Iliisha."

"Nani aliimaliza?"

Mama alifunga Biblia.

"Mama, tumbo la Jaloux haina nyama. Iko bugali yako na vidonge yako. Pale dirishani uliona nini?"

Nje sauti ya Constant ilipanda: "Wanamutorosha kwa nyuma! Sukumeni!" Bati likalia tena.

"Mama. Wakiingia watamuchoma mutu. Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

Alisema kwa sauti ndogo mno, hata Bénédicte akasogea asikie.

"Ule unga nilimutilia siku chache. Akabaki vile vile, analia akijinyoosha. Huyu imbwa, tulipokimbia Djugu, marehemu mume wangu alimubeba kwa mabega, akaacha godoro. Nilikuwa na yeye tu. Nikawaza, kidonge kinasaidia goti yangu, kwa nini isisaidie yake? Nikamutilia kimoja ndani ya bugali. Kesho yake akapanda ngazi peke yake, chef! Nikalia machozi."

"Kisha?"

"Kisha nikaenda kanisani. Nikashuhudia. Nikasema nilimuwekea imbwa mikono na Mungu akamunyanyua. Batu wote wakasimama, Constant akaimbisha. Sikuwa na nia ya kusema uongo, nilianza kwa kushukuru tu. Lakini vidonge sikuvitaja."

"Na baadaye juu ya nini haukuacha?"

"Ningeacha namna gani? Batu walipita kila siku kumuangalia anatembea. Walianza kuleta wagonjwa wao niwaombee. Nikimunyima, anaanguka. Nikamuongezea. Miye nikabaki na maumivu yangu. Damu ilipotoka nikaomba. Nikaomba sana. Na mukono ulikuwa unaendelea kufinyanga bugali."

"Rachidi alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Asubuhi waliuliza, nani ameua imbwa ya muujiza? Macho yote yakawa kwangu. Mulomo yangu ikasema Rachidi."

"Mulomo?"

Mama alijifuta uso kwa kitenge.

"Miye. Miye nilisema Rachidi."

Mbuyi alivuta pumzi. "Kumusingizia mutu mbele ya afisa wa upelelezi ni kosa, tutaandika ofisini. Lakini sasa hivi, nikitoka miye, watasema polisi imehongwa. Watakusikiliza weye peke yako."

"Wakinigeuzia ile tairi?"

"Nitakuwa mbele yako."

Mama alisimama. Alishuka ngazi mbili za baraza kama mtu anayeshuka mlima, mkono ukiburuza ukuta. Alipofika langoni alimwambia askari, "Fungua, mwana."

Askari alimwangalia Mbuyi. Mbuyi akakubali kwa kichwa.

Lango lilipofunguka, kelele zilikatika. Walimtarajia Rachidi. Walimwona Mama Honorine, na nyuma yake mbwa aliyepasuliwa juu ya gunia.

"Rachidi hakufanya kitu," alisema. "Ni miye nimeua Jaloux. Nilimulisha vidonge yangu ya magoti. Ni vidonge vilimusimamisha, na ni vidonge vimemuua. Kanisani niliwadanganya, na asubuhi hii nimewadanganya tena."

Mwenye petroli aliificha chupa nyuma ya mguu. Constant alisogea hatua moja, uso umebadilika.

"Mama, si uliniombea mutoto? Ile homa yake? Ukasema alale nyumbani, amekwisha pona?"

"Nilisema hivyo."

"Bado anawaka moto, Mama."

"Mupeleke hospitali, Constant. Mupeleke sasa hivi. Miye sikumuponya mutu, hata imbwa sikumuponya."

Constant aliiangalia tairi kana kwamba hakujua nani ameileta. Kisha akageuka, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwake. Wengine wakaondoka mmoja mmoja.

Mbuyi alifungua stoo mwenyewe. Rachidi alitoka akipepesa macho kwa mwanga, mweusi kwa makaa kuanzia nywele mpaka viatu. Mama Honorine alikuwa bado ameshika nguzo ya lango. Alijaribu kupiga magoti mbele yake. Magoti yalikataa.

"Simama tu, Mama," Rachidi alisema.

"Unisamehe, baba. Nilikuuza."

"Nimesikia. Ile ukuta ni ya mbao, nilisikia yote."

"Utabaki? Nyumba haina imbwa sasa. Haina mutu."

Rachidi alimwendea Jaloux. Akachukua jembe lililoegemea jiko, akauliza amchimbie wapi. Mama alimwonyesha kando ya uzio.

"Nitamuzika," Rachidi alisema. "Huyu tulilinda pamoja. Kisha nitaenda, Mama. Siwezi tena kulala hapa."