Jasuli Ajifunza Kupumua

Kila asubuhi Jasuli aliamka wa kwanza. Alimkamua nyati wake wa kufugwa, akachota maji, akapika mikate ya ulezi. Kisha alichukua mundu na kamba, akapanda mlimani kukata majani.

Alipanda peke yake. Kijiji cha Dungari kilikuwa na nyumba kumi na tisa, lakini ni nne tu zilizofuka moshi. Wengine walihamia mijini, wakaacha makufuli milangoni. Mumewe Trilok alikuwa mpishi wa hoteli huko Delhi. Alirudi mara moja kwa mwaka. Mabinti wao wawili waliolewa mbali. Nyumbani alibaki yeye na mama mkwe wake, Bhaguli.

Wanawake wa nyumba tatu nyingine zenye watu walikwenda kukata majani pamoja. Zamani Jasuli alikwenda nao. Walitaniana, wakawateta waume zao. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu anawakwepa. Wakimwita, alisema ana kazi. Mwishowe waliacha kumwita. Walidhani ana maringo.

Hawakujua kilichompata. Kilianza kama uzito chini ya tumbo. Siku moja, akioga, mkono wake uligusa nyama laini, kubwa kama limau, imejitokeza ukeni. Akibeba mzigo, ilitoka. Akilala, ilirudi ndani. Akikohoa, mkojo ulimponyoka.

Hakumwambia mtu. Trilok alipokuja likizo, Jasuli alilala chumba cha chini, kando ya zizi. Alisema nyati anakaribia kuzaa. Aliacha hata kuwasha taa mbele ya miungu wa nyumbani, maana alijiona ana najisi.

"Siku hizi unatembea kama bibi harusi," Bhaguli alimwambia. "Majani yatakauka kabla hujafika."

Jasuli alichukua mundu, akatoka.

Mwezi wa tisa, Hemlata, mhudumu wa afya wa vijiji vile, alikuja kumpima Bhaguli shinikizo la damu. Njiani alimkuta Jasuli ameegemea ukuta wa shamba, mzigo mgongoni. Alimsaidia kuutua, kisha akamtazama.

"Dada, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Aliyechoka hukaa. Wewe umesimama umebana miguu."

Jasuli alitazama chini.

"Kuna kitu kinatoka huko chini?" Hemlata aliuliza kwa sauti ndogo.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyemuuliza. Jasuli alitaka kukana, lakini machozi yalimtangulia.

"Kinatoka," alisema. "Ni saratani?"

"Siwezi kujua mpaka daktari akuone. Lakini kwa unavyosema, naona kizazi kimeshuka. Ulipojifungua, ulipumzika siku ngapi?"

"Kumi na moja. Ya kumi na mbili nilibeba mbolea shambani. Ulikuwa msimu wa kupanda."

"Unakijua kitanda cha kamba? Kamba zikilegea, kitanda kinabonyea. Ndani yetu kuna misuli inayoshikilia kizazi. Ukizaa, inalegea. Ukibeba mizigo mizito kabla haijakaza, inashindwa. Mzazi apumzike wiki sita, asibebe mizigo."

"Wiki sita? Na nyati angekula nini?"

"Ndiyo maana wanawake wengi milimani wana ugonjwa huu. Hawasemi tu."

Wiki iliyofuata walishuka pamoja hadi hospitali ya mjini. Daktari alikuwa mwanamke. Alimpima Jasuli vizuri, akasema si saratani. Alimwekea ukeni pete laini ya kushikilia kizazi, akamtaka arudi baada ya miezi mitatu. Akamkataza mizigo mizito.

"Na mazoezi kila siku," alisema. "Hemlata anayajua."

Hemlata alikuja Jumanne, asubuhi, kabla Jasuli hajala. Alitandika blanketi chumbani.

"Tutafanya yoga," alisema.

"Hiyo si ya watawa na watu wa mjini wenye nafasi?"

"Bibi yangu aliifanya, na hakuwahi kuwa na nafasi hata siku moja. Lala chali. Weka mkono tumboni."

Jasuli aliuweka, kisha akauondoa.

"Sipendi kuligusa."

"Najua. Ndiyo maana tunaanzia hapo."

Aliurudisha. Alivuta pumzi, tumbo likainuka. Aliitoa, tumbo likashuka. Mara ya tano au ya sita alilia. Hemlata aliketi kando yake. Alimngoja.

"Yoga maana yake ni kuunganisha," alisema baadaye. "Wewe na mwili wako mmenuniana miaka mitatu. Mtapatana polepole."

Kisha alimfundisha. Akitoa pumzi, akaze misuli ya chini, kama anayezuia mkojo. Ahesabu hadi tano, ailegeze. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Akunje magoti na kuinua kiuno akitoa pumzi, akishushe taratibu. Baadaye apumzike, mto chini ya nyonga, miguu ikiegemea ukuta.

"Usibane pumzi. Usijikamue chooni. Ukisikia maumivu, acha, uniite. Na yoga haichukui nafasi ya daktari. Vinakwenda pamoja."

Mwisho walikaa, macho wamefumba, wakifuata pumzi tu. Jasuli aliuliza bila kufumbua macho:

"Naweza kuwasha taa ya miungu nikiwa hivi?"

"Nani alikuambia ugonjwa ni najisi?"

Jasuli alifikiri. "Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

Jioni ile aliwasha taa.

Tangu hapo alifanya mazoezi kila siku. Majani aliyabeba kidogo kidogo, safari tatu badala ya moja. Baridi ikaja. Nje palikuwa kimya. Nyumba zilizofungwa hazikutoa hata sauti ya mlango. Upweke haukuondoka. Lakini zamani kimya kile kilimkaba. Sasa alikaa ndani yake, pumzi ikiingia na kutoka, akajiona yupo mtu pale, na mtu huyo ni yeye.

Mwezi wa nne wa mazoezi alikohoa akiwa zizini, akasubiri. Mkojo haukutoka.

Asubuhi moja Bhaguli alisukuma mlango, akamkuta ameinua kiuno.

"Nyati analia, wewe umelala?"

Jasuli alishusha kiuno taratibu, akaketi.

"Mama, kizazi changu kilishuka. Hii ni sehemu ya matibabu."

Bhaguli alikaa kizingitini. 

"Changu kilishuka alipozaliwa Trilok," alisema.

"Trilok ana miaka arobaini na minane."

"Umri wa mwanangu naujua."

"Umekaa nacho miaka yote hiyo?"

"Najifunga kitambaa. Nilidhani ni mimi peke yangu. Halafu nikakuona unavyotembea."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniita bibi harusi."

Bhaguli alijifuta macho kwa ncha ya shela. "Nilikuwa na haya. Kusema lako ilikuwa kusema langu."

Hasira ilimpanda Jasuli. Miaka mitatu walikula jikoni pamoja, kila mmoja na ugonjwa uleule. Alitaka kusema neno kali. Alivuta pumzi, akaitoa. Akamwona mama mkwe wake alivyokaa: upande mmoja, akijitegemeza kwa mkono, kama alivyokaa siku zote.

"Hemlata anakuja kesho," alisema. "Daktari kwanza, mama. Lako la siku nyingi. Huenda wakasema upasuaji."

"Nitafia njiani. Mteremko ule."

"Tutakwenda polepole. Kila ukichoka tutakaa."

Bhaguli aliwaza. Kisha alisogea, akajilaza juu ya blanketi kwa shida, mifupa ikilia.

"Sasa nifanye nini?"

"Leo usifanye kitu," Jasuli alisema. Alimshika mkono, akamwekea tumboni. "Pumua tu."