Vipira vya Rangi Machoni mwa Sunniva

Kiangazi kule kaskazini mwa Norwei jua halizami. Watu wa kisiwani hukesha nje na watoto wao, kana kwamba usingizi ni kazi ya majira ya baridi. Gunnvor, mmoja wao, hakuwa hata na pazia dirishani.

Binti yake Sunniva, wa miaka minane, alipenda kuogelea gatini peke yake kuliko kula. Lakini kiangazi kile alikuwa akisimama ghafla, ameduwaa, kisha analalamika kwamba kichwa kinamuuma. Gunnvor hakuhangaika. Kipandauso kilikuwa cha ukoo wao, naye alikuwa nacho. Dawa yao ilikuwa hewa safi, basi alimtoa nje tena.

Mchana mmoja Gunnvor alikuwa akifuma sweta na jirani yake Åshild, muuguzi wa watoto. Sunniva akaduwaa. Macho na kichwa vikavutwa upande mmoja, na alipoitwa hakuitika. Åshild akamlaza kwa ubavu, hakumtia chochote mdomoni, akatazama saa. Punde mtoto akazinduka, akashika kichwa.

"Uliona nini, mwanangu?"

Sunniva akachagua madonge ya sufu, jekundu na la buluu. "Vipira kama haya, ila vidogo vidogo. Vinazunguka."

Gunnvor akatazama mistari ya kupindapinda kwenye sweta. "Mimi huona hii kipandauso kinapoanza," akasema polepole. "Inakua taratibu mpaka kahawa inapoa. Vipira vyake huondoka kabla maji hayajachemka."

"Basi huenda si kipandauso," Åshild akasema. "Kuna kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo inayotuwezesha kuona, na kichwa huuma baadaye. Hufanana, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Daktari ndiye atakayepima. Kwa sasa asiingie majini peke yake. Na akishikwa zaidi ya dakika tano, ita gari la wagonjwa."

Gunnvor akalifikiria gati, na maji yale baridi. Akalia waziwazi.

Hospitalini walipima umeme wa ubongo. Kilikuwa kifafa. Daktari akatoa dawa, akasisitiza usingizi, kwani kukesha huchochea kifafa. Gunnvor akashona pazia zito. Majirani wakamtania kwamba amelifungia jua nje, akacheka nao. Vipira vikapungua, mwishowe vikakoma. Sunniva akaogelea tena, mama yake kando yake akitetemeka kwa baridi.

Kisha siku moja Gunnvor aliketi ghafla, akafunika macho.

"Vipira au mistari, mama?"

"Mistari."

Sunniva akavuta pazia. "Basi ni kile chako. Lala."