Gari la Bi Harusi Halikutaka Pampu

Kila Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake Kinondo, Salimu huliogesha gari lake. Ndoo ya kwanza mwilini. Kisha hufungua boneti, na ndoo ya pili huimwagia injini. Gari lina miaka ishirini na sita, lakini linang'aa! Akipita kwenda msikitini, watu hujitazama sura zao kwenye mlango wa gari.

Mwezi huu gari lilianza vituko. Linakwenda vizuri, ghafla linasita, linakohoa, linazimika. Ukigeuza ufunguo linawaka, kama kwamba halikufanya kitu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha betri. Gari likazidi kuzimika.

Na Jumamosi ilikuwa harusi! Biasha, binti wa dada yake Salimu, alikuwa anaolewa Msambweni. Salimu alikuwa ameahidi mbele ya ukoo mzima: "Biasha atapelekwa kwa mumewe na gari la mjomba wake, si la kukodi!"

Jumatano, gari lilipozimika tena, Salimu alipiga usukani kwa hasira.

"Kesho nauza mbuzi," alimwambia mkewe, Maimuna. "Feisal muuza vipuri amesema ni pampu ya mafuta."

"Feisal amelifungua gari?"

"Hajalifungua."

"Basi ameota! Twende kwa Kadzo, Ukunda."

"Yule fundi mwanamke?"

"Kwani gari linajua nani mwanamke?"

Kadzo alikuwa mzaliwa wa Samburu ya huku Kwale. Kazi aliijulia kwenye malori, kule Mackinnon Road. Aliwapokea kwa adabu.

"Shikamoo mzee Salimu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitilie pampu, mwanangu. Harusi ni Jumamosi!"

"Kwanza niambie, baba. Linazimika likiwa na moto au likiwa baridi?"

"Linazimika tu."

"Mlimani au tambarare? Kwenye lami au kwenye vumbi? Tangi likiwa limejaa au likikaribia kwisha?"

"Sikuangalia," alikiri Salimu. Mwezi mzima alikuwa amelitukana gari, lakini hakuwa amelichunguza.

"Ugonjwa unaokuja na kuondoka hutafutwa kwa kumbukumbu," alisema Kadzo. "Kesho liendesheni. Kila likizimika, andikeni mlikuwa wapi na mlikuwa mkifanya nini. Pampu ikichoka, mara nyingi gari hulemewa mlimani au kwenye mwendo mkali. Tusinunue kitu kwa kubahatisha."

Alhamisi, Salimu alishika usukani na Maimuna akashika daftari. Kwenye lami ya Diani, gari lilikimbia bila kusita. Mlimani lilipanda vizuri. Waliporudi kwenye barabara ya vumbi ya Kinondo, gurudumu likaingia shimoni. Kimya!

"Andika!" alisema Salimu.

Shimo jingine. Kimya tena! Mara ya tatu, Salimu alipiga makofi.

"Mashimo, Mama! Ni mashimo!"

"Mume wangu," alicheka Maimuna, "hujawahi kufurahi hivi gari likizimika."

Ijumaa asubuhi gari halikuoga. Walikwenda mbio kwa Kadzo. Alisoma daftari, macho yakamng'aa.

"Kinachomsumbua mgonjwa wetu ni mtikisiko. Kuna waya usioshika vizuri. Sasa tuutafute."

Alivuta hendibreki, akaweka mawe kwenye magurudumu, akawasha injini. "Mikono mbali na feni," aliwaonya. Kisha akachukua kijiti kikavu. Alitikisa waya mmoja polepole. Injini ikanguruma. Wa pili. Ikanguruma. Kadzo akagusa soketi ndogo, pale waya mwembamba unapoingia kwenye injini.

Injini ikazimika!

"Rudia!" alipiga kelele Salimu.

Kadzo aliwasha, akaigusa tena. Ikazimika tena. Hapo alizima kabisa, akafungua waya wa betri, kisha akaichomoa ile soketi. Meno yake ya shaba yalikuwa na kutu ya kijani na vumbi jeupe.

"Chumvi hii," alisema. "Baba, injini unaiosha?"

"Kila Ijumaa!" alijibu Salimu kwa fahari.

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima cha nyumbani."

Maimuna alishika kiuno kwa kicheko. "Kisima chenye maji ya chumvi! Hata chai hatuyapikii, na wewe umelinywesha gari!"

Salimu alitazama chini. Fahari yake ndiyo iliyokuwa ikilila gari.

"Usione haya, baba," alisema Kadzo. "Wengi huku pwani hufanya hivyo. Maji ya chumvi hukauka, chumvi hubaki ikitafuna shaba. Waya ukitikisika, umeme unakatika. Mwili wa gari uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Injini ipanguse tu kwa kitambaa, ikiwa imepoa na imezimwa."

Alifunga soketi mpya na kuzikaza nyaya zisining'inie. "Bado hatujamaliza," alisema. "Twende kwenye mashimo yaleyale."

Walipita mara nne. Gari halikusita hata mara moja. Mbuzi wa Salimu alibaki zizini, na pampu ya zamani ikabaki mahali pake.

Jumamosi baada ya alasiri, Biasha alipanda na marashi yake na hina yake. Injini ilikuwa na vumbi kidogo, mwili ulimeremeta. Shimo la kwanza! Salimu aliuma mdomo. Injini ikanguruma. La pili! Ikanguruma. Wanawake kwenye gari la nyuma walipiga vigelegele, honi zikajibu, na msafara ukashika lami mpaka Msambweni.

Mlangoni kwa bwana harusi ngoma zilikuwa zikilia. Salimu alikaa akiisikiliza injini.

"Mjomba, tumefika," alisema Biasha. "Zima basi!"

Salimu alitabasamu. Mwezi mzima gari lilikuwa limejizima lilipotaka. Leo aligeuza ufunguo, akalizima yeye.