Chembe Sita za Bibi Dado

Haya yalimpata rafiki yangu Mwaringa, aliyepiga picha za eksirei huko Garsen kwa miaka thelathini na mmoja. Bibi Dado alikuwa amewekewa nyonga ya bandia, na mfupani chembe sita za metali, ndogo kama vichwa vya pini, ili picha zionyeshe iwapo nyonga inasogea. Bibi alilalamika kwamba inagonga akitembea. Mwaringa alimpiga picha lakini hakupima, aliandika tu, "Haijasogea." Nyumbani wakasema bibi anadeka, mpaka akafa.

Baada ya mazishi Mwaringa aliipima picha ile kwa rula. Nyonga ilikuwa imeziacha chembe kwa milimita tatu. Kwa aibu akaitia katika bahasha, akaipeleka Kulesa kwa Darmi, binti wa marehemu. Njiani bahasha ikawa inagonga: tik, kimya kirefu, tik.

Darmi alimkaribisha chumbani mwa mama yake. Madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia joto, giza limetanda.

"Mama yako hakudeka," Mwaringa akasema. "Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Daktari, mimi nilikuwa namwigiza anavyochechemea, watoto wakacheka. Sasa unaniletea picha?"

Mwaringa aliinua picha kwenye mwanga wa ufa wa mlango, akaweka rula amwonyeshe zile milimita tatu. Zilikuwa kumi na moja.

"Daktari, usitembee," Darmi akanong'ona.

"Nimesimama."

Tik, kimya kirefu, tik. Sauti ikapita katikati yao, ikavuka chumba, na kule gizani kamba za kitanda cha bibi zikalia, kama mtu aketiye polepole.