Kadi Isiyopata Moto

Kadi ile ilisoma digrii ishirini na saba, na haikutaka kupanda.

Mulwa aliitazama namba kwenye skrini, akagonga meza kwa kidole, akaitazama tena. Fundi huyu wa Kikamba alikuwa na miaka sita akitengeneza kompyuta katika kibanda chake pale Kona ya Musa, na hajawahi kuona kadi ya grafiki ikichora picha nzito namna ile, moshi, maji, majani yakitikisika, huku yenyewe imebaki baridi. Feni zake mbili hata hazikuzunguka.

"Sensa imekufa hiyo," alisema. "Achana nayo, Nassir. Chukua hii ndogo, ni mpya, iko na waranti."

Nassir aliinamia skrini. Alikuwa dobi wa hoteli moja kule Diani, na kwa miaka miwili alikuwa amejijengea kompyuta ya michezo kipande kwa kipande, mwezi huu kasha, mwezi ujao memori, mpaka ikabaki kadi peke yake. Mbele yake zilikuwapo tatu. Ile ndogo ya Mulwa ilikuwa salama lakini picha zake zilikwamakwama. Ya pili ilikuwa kubwa, imetumika ikachoka, na ilipata moto hata ungeweza kukaangia chapati. Chini ya bati la nyumba yao Msambweni isingefika adhuhuri bila kuzimika. Ya tatu ndiyo hii, na ilikuja imefungwa kwa kipande cha bafta nyeupe.

Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, mwanamume wa makamo mwenye kanzu safi, jina lake Boga.

"Haipati moto, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata ukicheza kutwa nzima."

"Mbona unaiuza basi?"

"Nyumba yangu imekuwa kimya. Sina tena wa kukaa naye."

"Pole sana," alisema Nassir, kwa adabu tu, macho yake yako kwenye kadi.

"Ahsante. Nyumbani kwenu mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na mama."

"Wawili tu." Boga alionekana kusikitika kidogo. "Na mama hajambo? Ana afya yake?"

"Alhamdulillahi, mzima kabisa."

"Vyema. Umeridhia?"

"Nimeridhia."

"Wewe na nyumba yako?"

Huku kwetu biashara ni neno na mkono, na mtu akikuongezea adabu nawe humwongezea. Nassir alijibu bila kufikiri, kama ambavyo mimi nawe tungejibu. "Nimeridhia, mimi na nyumba yangu."

Boga akafuta kiganja chake kwenye kanzu, mara mbili, ndipo akampa mkono. Kiganja kilikuwa cha moto kama cha mgonjwa. Kisha akaondoka bila kuaga.

Mama yake, Bi Twaiba, alikuwa uani akisuka ukili Nassir alipofika. Alikitazama kile kifurushi, akasonya kwa mzaha.

"Miaka miwili nangoja mkwe, leo waniletea kibati."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo mkwe wako anakula nini?"

"Umeme tu, mama."

"Basi ana nafuu kuliko wewe," akasema, wakacheka wote wawili.

Alipoiwasha chumbani kwake, namba kwenye pembe ya skrini ilisoma thelathini na sita na nukta sita. Alipofungua mchezo ikapanda hadi thelathini na saba. Kumbe sensa ni nzima! Kadi za watu wengine hufika themanini zikilia kama mashine ya kusaga, na yake ilikuwa thelathini na saba. Akaipiga picha akamtumia Mulwa. Mulwa akajibu, "Buda, hiyo ni miujiza."

Siku ya tatu alisikia kitu. Feni hazizunguki, lakini ndani ya kasha mlikuwa na sauti, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, na mwisho wa kila pumzi palikuwa na mkwaruzo mdogo ambao Nassir aliujua, ila hakukumbuka aliusikia wapi. Chumba kilianza kunuka nywele zilizobabuka. Akafungua dirisha, akavaa visikizio vyake vikubwa masikioni, akaendelea kucheza.

Siku ya tano Bi Twaiba alimwita uani. Kuku wake aliyekuwa akiatamia alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Mama akavunja yai moja kwenye jiwe. Lilikuwa limeiva, jeupe, gumu, linatoa mvuke.

"Nassir," alisema polepole, "hebu niambie, wewe ulishapata kuona jambo kama hili?"

"Jua, mama."

"Jua gani la kuchemsha yai chini ya kuku?"

Jioni yake homa ikamwangusha Bi Twaiba.

Hospitali walimpima malaria, hapana. Wakampima hiki na kile, hapana. Wakampa dawa za kutuliza na kumrudisha nyumbani. Jirani yao, Bi Esha, mjane mwenye moyo wa kusaidia na mdomo usiotulia, alikuja kumuuguza na kipimajoto chake, na kila alipopima alitangaza matokeo nyumba nzima isikie.

Jumatano baada ya adhuhuri Nassir alikuwa katikati ya mchezo, visikizio kavishusha shingoni. Namba kwenye pembe ilisoma arobaini na nukta tatu.

"Arobaini na nukta tatu!" Bi Esha akapiga ukelele kutoka chumba cha pili. "Ya Rabi, anaungua huyu!"

Nassir aliitazama tena namba. Akaufunga mchezo. Namba ikaanza kushuka, na ilipofika thelathini na nane akasikia, "Inashuka, alhamdulillahi, thelathini na nane."

Mtu mwema angeng'oa waya ukutani hapo hapo. Nassir alitaka kuhakikisha. Aliufungua mchezo tena, akapandisha ubora wa picha hadi mwisho, akakaa akiitazama namba, na kila ilipopanda sauti ya Bi Esha iliifuata kupitia ukuta, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, na chini ya sauti hiyo mama yake alikuwa akivuta pumzi na kutoa, yenye mkwaruzo mwishoni, ile ile iliyokuwa ikitoka ndani ya kasha karibu na goti lake. Ndipo akazima.

Alimwambia Bi Esha, naye kesho yake akamleta Maalim Issa kutoka Jego.

Maalim alisimama kizingitini mwa chumba cha Nassir, akanusa, akakataa kuingia. Wakanong'onezana ukumbini ili mgonjwa asisikie.

"Aliyekuuzia alikuomba ridhaa?"

"Aliniomba, Maalim."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisema nimeridhia, mimi na nyumba yangu."

Mzee alifumba macho. "Basi ulimpa mama yako. Huyu ni jini wa moto, na moto lazima uende mahali. Hakai kwenye kadi. Kadi ni mlango wake tu. Anakaa kwa huyo aliyelala humo ndani."

"Atatoka?" Bi Esha aliuliza, kanga mdomoni.

"Atatoka. Nitamwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe anywe siku tatu, nami nitasoma. Jumamosi jua likizama ataondoka, mlango utakuwa umefungwa. Lakini wewe, kijana, nisikilize vizuri. Usiiwashe. Ukiiwasha hata kidogo kabla ya jua kuzama, atamaliza kazi yake yote kwa mara moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Apa."

Akaapa.

Bi Twaiba alikunywa kombe, na siku ya Ijumaa akakaa kitako. Akaomba uji. Akachana nywele zake zilizokatikakatika, akauliza ni nani aliyemnyoa. Nassir alimlisha kwa kijiko huku machozi yakimtoka, maana alimpenda mama yake, na hilo msilitilie shaka.

Tatizo lilikuwa Jumamosi saa tisa. Timu yao ya Ukunda, vijana watano, ilikuwa imefika fainali ya mchezo wa bunduki dhidi ya timu ya Kisumu, kila mtu akicheza kwake, na washindi walikuwa wanakwenda Nairobi kwenye mashindano makubwa zaidi. Mulwa, ambaye naye alikuwa mmoja wa hao watano, alipiga simu, na Nassir akamwambia tu kwamba kadi inasumbua.

"Kama hiyo kadi inakusumbua nitakuazima ile ndogo. Nakuletea sasa hivi."

"Itakwamakwama."

"Si ni kidogo tu?"

"Fainali, Mulwa. Siwezi kucheza fainali na kitu kinachokwama."

Kwa hiyo alichagua kadi mara ya pili, na safari hii alijua bei yake.

Jumamosi Bi Esha alikwenda sokoni. Bi Twaiba alikuwa amelala mkekani chumbani kwake, uso umerudi rangi. Hakuna aliyemwambia habari za jini.

"Mbona huchezi leo, mwanangu? Si ulisema ndiyo siku yenu?"

"Nakuuguza wewe, mama."

"Mimi nimeshapoa. Nenda kacheze. Mungu akupe ushindi."

Nassir aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akajiwekea sharti: ikifika arobaini nazima. Akavaa visikizio. Akawasha.

Kwanza ilikuwa thelathini na sita, ikatulia, naye akajiambia Maalim ametia chumvi. Raundi ya kwanza wakashinda. Raundi ya pili ikafika thelathini na tisa, Kisumu wakasawazisha. Mulwa alikuwa akipiga kelele masikioni mwake, kulia, kulia, wako kulia, na namba ikagonga arobaini, naye akasema amalize raundi hii tu kwa sababu mtu hawezi kuwaacha wenzake katikati, ikawa arobaini na moja, harufu ya nywele ikamjaa kooni, kasha likawa linahema kwa haraka, linahema kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, na alihisi kitu kikigonga mahali fulani, taratibu, chini, karibu na sakafu, akadhani ni hatua za adui ndani ya mchezo, akageuka na bunduki yake kumtafuta, arobaini na mbili, arobaini na tatu, na kugonga kukaacha.

Kisha namba ikaanza kushuka.

Nassir aliiona ikishuka na moyo wake ukafunguka. Arobaini. Thelathini na nane. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti, "imeshuka, imeshuka!" Akacheza kama hajawahi kucheza, mkono mwepesi, picha laini. Thelathini na sita. Akamwangusha wa tatu. Thelathini na nne. Akamwangusha wa nne, na wa tano akakimbia, naye akamfukuza akicheka, na wenzake wakalipuka kwa kelele za ushindi, Mulwa akilia kabisa.

Thelathini na moja, ilisoma namba. Thelathini.

Alivua visikizio. Kasha lilikuwa kimya. Feni hazikuzunguka, pumzi haikuwapo. Aliusukuma mlango wake ukagoma. Akausukuma tena kwa bega, ukafunguka kiasi cha shibiri moja, maana kulikuwa na kitu kizito kimeegemea upande wa pili, na kwenye mbao za chini, alipopitisha kichwa kutazama, palikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Walimzika alasiri ya siku ya pili yake. Waliomwosha walisema ngozi ilikuwa ikiwatoka mikononi, kisha wakaombana radhi kwa kulisema. Maalim Issa alisalisha jeneza akaondoka bila kumpa Nassir mkono. Bi Esha hajamwambia neno tangu siku ile mpaka leo.

Siku ya tatu ya matanga mwanamume mwenye kanzu safi alikaa karibu naye kwenye mkeka.

"Pole," alinong'ona Boga.

Nassir alitaka kumkaba. "Wewe ulijua."

"Nilijua. Nami nilipouziwa sikuambiwa. Mke wangu, na watoto watatu." Boga alikuwa akizitazama shanga za tasbihi yake. "Una siku arobaini. Zikipita hujaipatia nyumba, inachota kwako. Kuivunja nilijaribu, haivunjiki. Mimi niliuza siku ya thelathini na tisa."

"Nitakufa nayo. Simpi mtu."

"Nami nilisema hivyo hivyo," alisema Boga, akainuka.

Nassir aliifunga kadi kwa bafta, akaitia sandukuni chini ya nguo za mama yake, akakaa. Alikusudia kweli. Siku ya thelathini na nane nywele za mkono wake wa kulia zilijikunja zikabaki unga. Usiku huo alilala sakafuni akiita maji. Siku ya thelathini na tisa alioga, akavaa kanzu, akaenda Kona ya Musa.

Mulwa alimkumbatia kwa nguvu. Akaijaribu kadi kwa furaha ya kuiona tena. Ilisoma ishirini na saba, na haikutaka kupanda.

"Sensa imekufa tena," alisema. "Lakini unajua vile mimi naipenda hii kitu. Kweli unaiachilia?"

"Sichezi tena."

"Naelewa, bro. Nipee basi. Watoto watashinda nayo likizo yote."

Nassir alitazama picha ndogo iliyobandikwa ukutani juu ya meza: Mulwa, mkewe Syovata, watoto waliopangwa kwa urefu, na bibi kizee kwenye kiti cha plastiki.

"Nyumbani mko wangapi?" aliuliza.

Mulwa akacheka. "Hata yule mzee alikuuliza hivyo. Ni desturi yenu, ama?"

"Ni desturi."

"Tuko saba. Na mwingine njiani."

Nassir alifuta kiganja chake kwenye kanzu, mara mbili.

"Umeridhia?" alisema. "Wewe na nyumba yako?"