Wilhelmina Aiokoa Nyumba Yake

Wilhelmina alikuwa fundi cherehani, mtaa wa Mabatini. Alishona sare za shule. Jioni alirudi nyumbani Buswelu, akapika ugali na dagaa, akakagua madaftari ya wanawe wawili. Mumewe, Yeremia, alikuwa hajalala nyumbani tangu Pasaka. Alihamia Geita kwa mwanamke mwingine.

Jumamosi moja Yeremia alikuja na mgeni. Wakapima uwanja kwa hatua, wakagongagonga kuta.

"Kuna nini, baba Sabina?" Wilhelmina aliuliza.

"Nauza nyumba. Kiwanja kina jina langu. Tafuteni pa kuhamia."

Matofali ya nyumba ile aliyafyatua Wilhelmina mwenyewe, akiwa na mimba ya Sabina, mtoto wao wa kwanza.

Alikwenda kwa jirani yake, Mama Justa, msaidizi wa kisheria wa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesawajika hivyo?"

Wilhelmina akamweleza. Mama Justa akatikisa kichwa.

"Nyumba ya familia haiuzwi mpaka mwenzi aridhie, hata kama karatasi ina jina la mmoja. Alhamisi nitakupeleka kwa wakili Odeta. Anashughulikia mambo ya ndoa, na kituo chake hakitozi malipo. Ila ana nusu saa tu. Usiende mikono mitupu."

"Si nitamweleza tu yaliyonikuta?"

"Utaanza kulia, na nusu saa itakwisha hujafika kwenye nyumba. Andika. Mlioana lini, watoto walizaliwa lini, kiwanja mlikipata lini, nani alifanya nini. Tafuta cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, na karatasi yoyote ya nyumba. Toa nakala. Na maswali yako yaandike, usije ukayasahau mbele yake."

Wilhelmina alipekua sanduku. Risiti za mabati zilikuwepo, zina jina lake. Cheti cha ndoa hakikuwepo, Yeremia alikuwa amekichukua. Basi alikwenda kanisani walikofungia ndoa. Katibu akafungua kitabu, akampatia nakala.

Jumatano alikaa na Mama Justa, akaandika mwenyewe, polepole, mpaka ukurasa ukajaa. Halafu akaweka kalamu chini.

"Kuna jambo siliandiki. Mwaka juzi nilikaa kwetu Busisi miezi mitano. Nilimuuguza mama yangu. Yeremia atasema nilimkimbia."

"Hilo ndilo la kuandika," alisema Mama Justa. "Wakili akilisikia kwako, atajiandaa. Akilisikia mahakamani kutoka kwa mwenzako, amechelewa. Na siri yako ataitunza."

Wilhelmina akaichukua kalamu.

Alhamisi, wakili Odeta alisoma ukurasa wote kimya. Akauliza maswali matatu tu.

"Je, ile miezi ya Busisi, mumeo alijua uko wapi?"

"Alijua. Alikuwa ananiandikia kwenye simu."

"Usizifute meseji hizo. Leo hii tunaandika zuio la kuuza nyumba, tulipeleke ofisi ya ardhi."

Mnunuzi aliposikia kuna zuio, hakurudi tena.

Wilhelmina akadai talaka na haki yake katika nyumba. Wakaitwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi la kata. Yeremia akakataa kupatana. Shauri likafika mahakamani.

"Mheshimiwa, huyu alinitoroka miezi mitano," Yeremia alisema kwa sauti kubwa.

Wakili Odeta alisimama bila haraka. Akatoa kadi ya hospitali ya mama mgonjwa. Kisha akasoma meseji ya Yeremia mwenyewe: "Muuguze mama mpaka apone. Sisi huku wazima."

Yeremia akatazama sakafu.

Siku ya hukumu, Wilhelmina alisimama wima. Hakimu alisema jasho lake katika nyumba ile limeonekana. Ndoa ikavunjwa. Wilhelmina na watoto wakapewa nyumba, Yeremia akapata shamba walilokuwa nalo Geita, na akaamriwa kutunza watoto wake.

Mama Justa alikuwa akisubiri nje.

"Imekuwaje?"

"Naenda nyumbani kwangu," Wilhelmina akajibu, na kicheko kikamtoka.

Mwezi uleule alimwita fundi apige lipu ukuta wa mbele. Rangi alichagua mwenyewe.