Tiketi Iliyoachwa Mapokezi

Kengele ya shule ilipogongwa saa tisa alasiri, wenzake walikimbilia nyumbani, lakini Alistidia hakuwa na haraka. Alipita katikati ya vibanja vya migomba na kahawa, akavuka barabara ya lami iendayo Bukoba, kisha akapanda kilima hadi hospitali ndogo ambako mama yake, Clotilda, alikuwa karani wa mapokezi. Hapo angekaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja, mama amalize zamu, ndipo washuke pamoja kwenda kwao Izigo.

Msichana huyu wa darasa la sita alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haikuwa na dawa yake: kuota mchana. Mwalimu wa hisabati alimpa jina la Ukungu, na kusema kweli jina lilimfaa. Baada ya mvua za Novemba, ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaingia migombani taratibu, ukifuta mgomba mmoja baada ya mwingine, na Alistidia aliufuata kwa macho mpaka asijue kama yu macho au amelala. Ulipofika kwenye kengele ya kanisa, alijiona akitembea angani na viatu vyake mkononi. Mara nyingi mama alimwita mara tatu kabla hajaitika.

Lakini mwezi huo ndoto zake hazikuwa tamu. Bibi Celina, mama mzazi wa Clotilda, alikuwa amelazwa wodi ya wanawake kwa siku sita. Watu wazima walinong'ona. Alistidia akisogea, ghafla wote walianza kuzungumza habari za senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua.

"Mama, Bibi anaumwa nini?"

"Bibi anaendelea vizuri, mwanangu. Hebu malizia kazi yako ya shule."

Jibu hilo lilimuumiza kuliko kuambiwa kweli. Alimpenda bibi yake mno, na hofu isiyo na jina ilikuwa imekaa kifuani mwake usiku na mchana.

Siku ya Jumatano alimkuta Derick, fundi wa kompyuta wa hospitali, ameinama mbele ya kompyuta ya pembeni, ile inayochapa kadi za wagonjwa. Mama alikuwa amepeleka mafaili wodini.

"Mashine hii ina kiburi kuliko mkwe wangu," Derick alinung'unika. Alikuwa ameingia kwa jina lake mwenyewe, jina linalofungua kila kitu hospitalini. Kabla hajamaliza, nesi aliita dirishani, "Derick, njoo upesi! Jenereta inatoa moshi!"

Derick akaruka. Mlangoni aligeuka. "Alistidia, mama yako akirudi mwambie aizime hii. Nimeiacha kwa jina langu. Usisahau, tafadhali."

"Sawa, kaka Derick."

Akabaki peke yake na kioo kinachong'aa. Nje ukungu ulikuwa umekwisha fika kwenye ukuta wa jengo, na ndani kulikuwa kimya, kama vile hospitali nzima imeshikilia pumzi. Alistidia alijiona akinyanyuka na kukaa kwenye kiti cha Derick. Alijiona akiandika kwa vidole viwili: C, E, L, I, N, A. Kompyuta haikumuuliza yeye ni nani. Faili likafunguka.

Maneno mengi hakuyaelewa. Aliyoyaelewa ni haya tu: moyo, na rufaa Mwanza. Mwezi Machi jirani yao mmoja alipelekwa Mwanza, akarudishwa ndani ya jeneza. Alistidia alilifunga faili, akarudi kwenye benchi.

Mama aliporudi aliitazama kompyuta ya pembeni. "Derick amemaliza?"

"Bado. Amesema atarudi."

Uongo huo ulimtoka kwa urahisi. Alitaka kesho aangalie tena, labda daktari atakuwa ameandika jambo la heri. Mama akaiacha mashine ikiwaka, akaendelea na kazi zake.

Alhamisi alasiri hakumkuta mama mapokezi. Nesi alimwambia yumo ofisini kwa mganga mkuu, Dokta Kahangwa, pamoja na Derick na mgeni kutoka Bukoba. Alistidia alikaa kwenye kibaraza chini ya dirisha la ofisi. Dirisha lilikuwa wazi.

"Naitwa Renatha," sauti ya mgeni ilisema. "Nakaa Miembeni, Bukoba mjini. Kazi yangu ni kujaribu kuingia kwenye mitandao ya watu, kwa ruhusa yao, kabla wezi hawajajaribu. Barua ya bodi yenu ni hii. Inataja siku, inataja mashine ya kuanzia, na inataja nisichoruhusiwa kugusa."

"Hapa kazini mimi peke yangu nilijua kuwa atakuja," alisema Dokta Kahangwa. "Endelea, Madam Renatha. Eleza umeona nini."

"Mgonjwa akifika mapokezi anajieleza mara moja, anapewa kadi. Maabara anaonyesha kadi, dirisha la dawa anaonyesha kadi, hakuna anayemhoji tena. Kompyuta zenu nazo hufanya hivyo. Ukitaja jina na nywila mara moja, unapewa tiketi. Huioni kwa macho, inakaa ndani ya mashine, na mashine ikiachwa wazi tiketi inaendelea kufanya kazi. Leo asubuhi, kwenye mashine ya pembeni, niliikuta tiketi ya Derick. Nywila yake siijui, wala sikuihitaji. Niliichukua tiketi nikapita ndani ya mtandao kutoka mapokezi hadi kompyuta ya dirisha la dawa, kutoka hapo hadi maabara, kutoka maabara hadi kompyuta hii yako, Dokta. Dakika arobaini. Kila mlango uliamini kuwa mimi ni Derick. Angekuwa mwizi, angebadili hata vipimo vya dawa."

"Niliacha ujumbe izimwe!" alisema Derick, bila kutaja alimwachia nani.

"Mimi sikupewa ujumbe wowote," alijibu Clotilda.

"Kuna jambo lingine," alisema Renatha polepole. "Mtandao unaweka kumbukumbu. Jana saa tisa na dakika arobaini, jina la Derick lilifungua faili la mgonjwa anayeitwa Celina."

"Saa hiyo nilikuwa kwenye jenereta. Nesi ni shahidi wangu."

Kisha Dokta Kahangwa akasema kwa huzuni, "Clotilda, Celina ni mama yako, na mapokezi ulikuwa wewe. Kusoma faili la mgonjwa kwa jina la mtu mwingine ni kosa la kufukuzwa kazi. Unalijua hilo."

"Nalijua, Dokta. Sikulifungua."

"Basi kesho asubuhi nitaiandikia bodi, wao ndio watakaoamua."

Alistidia aliinuka bila kujua anakwenda wapi. Miguu ilimpeleka nyuma ya jengo, hadi pale kibanja cha hospitali kinapoanza, akasimama kati ya migomba. Ukungu ulimfunika. Ndani ya weupe ule aliiona korido ndefu yenye milango mingi. Mmoja ukafunguka wenyewe, sauti ikasema, "Karibu, Derick." Akapita. Wa pili ukafunguka, "Karibu, Derick." Alitaka kusema kwamba yeye ni Alistidia, lakini sauti haikutoka. Katika chumba cha mwisho mama yake alikuwa amekaa kitandani, sare ya kazi imekunjwa magotini, akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni.

Tone la maji baridi likamdondokea shingoni kutoka kwenye jani la mgomba, akashtuka. Korido haikuwapo. Mama alikuwapo, kule ofisini, akilipia kosa lisilo lake. Alistidia alikimbia kwa miguu yenye matope hadi mlangoni kwa Dokta Kahangwa, na akabisha hodi.

"Shikamoo Dokta. Ni mimi," alisema. "Faili nililifungua mimi. Kaka Derick aliniachia ujumbe, nami nikamdanganya Mama ili kesho yake nisome tena. Nilitaka kujua kama Bibi atakufa."

Clotilda aliziba mdomo kwa kiganja. Derick akajikuna kisogo.

"Na mimi nina langu," alisema. "Jina zito kama lile halikupaswa kutumika kwenye mashine ya mapokezi, tena nikamwachia mtoto kazi yangu. Samahani, mama Alistidia."

Dokta Kahangwa alivua miwani. "Clotilda, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza vya kutosha. Barua ya kesho haitaandikwa." Akamgeukia Alistidia. "Nawe umekosa, tena kosa kubwa. Wiki nzima hutakaa mapokezi. Lakini umekuja mwenyewe, na hilo sitalisahau."

Kabla jua halijazama Derick alikuwa amefunga jina lake kubwa lisikubaliwe tena mapokezi, na kila mashine ikapangwa ijifunge yenyewe ikiachwa dakika tano. Alistidia alimtazama Renatha akikunja waya zake, akapata ujasiri wa kuuliza.

"Madam, wewe pia uliingia kwa jina la kaka Derick. Mbona hukukosa?"

Renatha hakucheka. Alitoa ile barua mfukoni akaifungua. "Mimi na wewe tulipita njia ile ile. Tofauti ni karatasi hii. Wenye nyumba waliniruhusu, wakajua siku nitakayokuja, na nilichokiona nimewaambia wote. Ukiukuta mlango wazi, bado hujakaribishwa. Na ukishaingia pasipo ruhusa, sema mapema, maana ukikaa kimya mtu mwingine ndiye atakayelaumiwa."

Mama alimshika mkono wakaenda wodi ya wanawake. Kitanda cha Bibi Celina kilizungushiwa pazia la kijani. Alistidia alisimama nje ya pazia.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, waitu," alijibu Bibi, akimwita kwa neno lao la upendo.

Akaingia, akaeleza yote, hakuacha hata lile neno la Mwanza. Bibi alisikiliza amefumba macho, hata Alistidia akadhani amelala.

"Mjukuu wangu," alisema mwishowe, "habari za moyo wangu ni zangu mimi. Mimi ndiye mwenye nyumba. Ungebisha kwangu."

"Watu wazima walikataa kuniambia."

"Hapo tulikosea sisi," alisema Clotilda kwa sauti ndogo. "Tulidhani tunamlinda."

"Basi sikiliza," alisema Bibi. "Mapigo ya moyo wangu yanasuasua. Jumatatu nakwenda Mwanza wanipime kwa mashine ambayo hapa haipo. Daktari ana matumaini. Mimi naogopa kidogo."

"Mimi naogopa sana," alisema Alistidia, na kwa mara ya kwanza wiki ile kifua chake kikawa chepesi.

Bibi alipapasa chini ya mto akatoa kifungu kidogo cha majani makavu ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na akamwani, zile kahawa za kutafuna ambazo mgeni hupewa akishakaribishwa ndani. Akamwekea mjukuu wake mbili kiganjani, kama anavyopewa mtu mzima.

"Umebisha hodi, umekaribishwa," alisema. "Sasa uliza lolote."

Alistidia alitafuna. Kahawa ilikuwa chungu. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa ukifuta migomba, lakini hakuutazama. Alimsogelea bibi yake, akauliza swali lake la kwanza.